Wakala wa mizigo kaniharibia kitabu, halafu ananiuliza "si kinasomeka?"

Wakuu, nimejizuia siku nne nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijapungua, basi acha niandike.

Mimi hukusanya vitabu vikubwa vya picha. Vile vya jalada gumu, vyenye kasha lake, ambavyo ukivifungua mezani hapabaki pa kuweka hata kikombe. Miaka sita nimekuwa nikitafuta African Ceremonies cha wapiga picha Carol Beckwith na Angela Fisher, kile cha 1999, juzuu mbili ndani ya kasha moja. Mwaka huu nikakipata kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, London. Yule bwana alikifunga kama mtu anayefunga mayai: karatasi laini, plastiki ya mapovu, makadibodi kila pembe, boksi ndani ya boksi. Kila hatua alinitumia picha.

Dar kimefika kikiwa ndani ya kiroba.

Narudia, kiroba. Wakala alifungua maboksi "kupunguza ujazo", akavisimamisha vitabu pamoja na mizigo ya watu, juu yake wakapandisha spea za pikipiki. Kitabu cha ukubwa ule hulazwa, hakisimamishwi, maana uzito wa kurasa huvuta mshono. Kasha limepasuka pande mbili. Pembe za juzuu ya kwanza zimebonyea. Mgongo wa juzuu ya pili umeachia, na maji yameingia. Wanaoijua karatasi ile nzito ya kung'aa wanajua maana yake: ikilowa na kukauka, kurasa zinagandana, na ukilazimisha kuzibandua picha inang'oka. Nina kurasa kumi na moja ambazo sasa ni kipande kimoja kama ubao.

Nikaenda ofisini kwao. Kijana wa kaunta akakifungua katikati, akasoma mstari mmoja kwa sauti, akaniambia: "Mzee wangu, si kinasomeka? Na siku hizi vitabu vyote viko kwenye simu." Bosi wake akapiga hesabu ya fidia kwa kilo. Kwa kilo, kama mchele!

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na kusoma kwenye simu. Riwaya nasomea kwenye simu ndani ya mwendokasi, magazeti pia. Lakini kuna vitabu ambavyo ukubwa ndiyo kazi yenyewe. Mchoraji wa ndege John James Audubon alipotoa The Birds of America kati ya 1827 na 1838, picha 435 kwenye karatasi zenye urefu wa karibu mita moja, alitaka kila ndege aonekane kwa ukubwa wake halisi. Heroe (flamingo) hakuenea hata humo, ikabidi amchore ameinamisha shingo mpaka miguuni. Picha zote hizo ziko bure mtandaoni na nimezipakua. Kwenye simu yangu heroe na shomoro wanalingana. Au chukua GOAT, kile cha wachapishaji Taschen kuhusu bondia Muhammad Ali: kilo 34, ukurasa sentimita 50 kila upande. Nani atanishawishi kwamba pambano la Kinshasa la 1974 ni lile lile kwenye kioo cha inchi sita?

Na wale mnaokuja kuandika "hela ya kiwanja unanunulia makaratasi", hela nimeidunduliza mwenyewe, sikumkopa mtu. Mtu akikwaruziwa gari hapa mnamwonea huruma kurasa tatu za maoni, hakuna anayemwambia "si linatembea?"

Fidia ya kilo sijasaini na sitasaini. Nataka bei niliyolipa na gharama ya ukarabati, risiti ninazo, na picha za yule bwana wa London zinaonyesha kitabu kilivyotoka kwake. Jina la wakala nalihifadhi mpaka wanijibu kwa maandishi.

Kwa sasa juzuu ya pili iko mezani, nimeweka karatasi za kufyonza maji kati ya kurasa na feni inapuliza usiku kucha. Anayemjua fundi wa majalada Dar, Morogoro au Zanzibar, anayeshona kwa uzi na si wa kupaka gundi tu, aniambie leo. Ukungu umeshaanza kwenye ukingo wa chini.