Boti ya faiba ya miaka 14: nipake jelikoti upya au nipige rangi?

Nahodha wa Kilindoni aliuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu mafundi na manahodha. Nina boti ya faiba ya futi 23, iliyoundwa miaka 14 iliyopita, ambayo katika msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hadi Machi, huchukua wageni kutoka hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, na miezi mingine hubeba abiria na mizigo midogo. Kwa kuwa kusi limeshika na wageni ni wachache, nimeipandisha juu na kuiweka katika banda la makuti ili nishughulikie ngozi yake ya nje kabla msimu haujaanza.

Hali yake ni hii. Ubavuni, ile buluu ya kiwandani imepauka kiasi kwamba ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kana kwamba umeshika chokaa. Omoni, pale nanga inapogonga, pana nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui. Mkukuni jelikoti, yaani ile ngozi ngumu ya rangi iliyopakwa kiwandani juu ya faiba, imelika hadi nyuzi za faiba zinaonekana, kwa sababu boti hii hukokotwa mchangani karibu kila siku. Nimewaita mafundi wawili wakaniacha njia panda: wa kwanza anasema jelikoti ndiyo ngozi halali ya boti ya faiba na kwamba rangi ni pambo la muda tu, ilhali wa pili anasema jelikoti ni ya kiwandani na haina faida kupakwa nje ya kalibu, lile umbo ambamo boti huundwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba miaka minne iliyopita fundi mmoja alinizibia tundu ubavuni kwa dawa ambayo sikuuliza ni ya aina gani, kisha akapiga juu yake rangi ya mafuta ya nyumba, nayo ikabanduka vipande vipande kabla ya mwaka kwisha. Sitaki kulipa mara mbili tena.

Fundi wa Mtongwe alijibu:

Waaleikumu salaam, nahodha. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba jelikoti anayoisifu fundi wako wa kwanza si ile atakayokupakia, hata kama imetoka katika kopo lilelile.

Jelikoti ni rezini (utomvu wa kiwandani unaoganda) ya poliesta iliyotiwa rangi. Kiwandani hupakwa ndani ya kalibu iliyosuguliwa nta, kwa unene wa nusu milimita au zaidi kidogo, kisha faiba hulazwa juu yake ingali na unato, ndipo vyote vikashikana kuwa kitu kimoja. Mng'ao unaouona siku boti inapotolewa ni ulaini wa kalibu uliohamia kwenye jelikoti. Upande unaoguswa na hewa haukauki sawasawa, hubaki unanata, na kiwandani hilo ni jema kwa kuwa ndio upande unaoshika faiba. Sasa ukiipaka nje ya boti iliyokwisha kuundwa, upande huo wenye unato ndio utakaotazama jua, vumbi na wageni wako. Ndiyo maana tabaka la mwisho ni lazima litiwe nta iliyoyeyushwa katika kiyeyushio kiitwacho stairini, ambayo huelea juu na kuizuia hewa. Asiyejua hilo huishia na boti inayonasa kila jani dogo linalopeperushwa na upepo. Na hata ikikauka vizuri, uso wake hutoka na mabonde kama ganda la chungwa, hivyo inakubidi kuipiga msasa namba 320, kisha 600, kisha 1000, ndipo uisugue kwa kompaundi ya kung'arisha. Fundi anayekukadiria bei ya jelikoti bila kutaja siku za msasa, ama hajawahi kuifanya kazi hiyo, ama ataiacha njiani.

Hesabu ya vifaa haina ugumu. Ubavu mmoja wa boti yako, kutoka mstari wa maji hadi ukingoni, haupungui sana wala hauzidi sana mita 6 za mraba, yaani 12 kwa pande zote mbili. Jelikoti hula kama gramu 600 hadi 800 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo andaa kilo 8 hadi 10. Rangi ya poliyurethani ya makopo mawili (rangi yenyewe na dawa ya kuigandisha) hufunika kama mita 10 za mraba kwa lita katika tabaka moja, nawe utahitaji matabaka mawili au matatu, pamoja na praima yake, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ya epoksi (rezini ya aina nyingine). Lita ya rangi hiyo ni ghali kuliko kilo ya jelikoti, lakini ukiweka ujira wa msasa katika mizani, jelikoti haiwi rahisi tena. Zaidi ya hayo, poliyurethani nzuri hushika mng'ao wake juani kwa muda mrefu kuliko poliesta, ambayo ndiyo inayokutoka kiganjani hivi sasa kama chokaa.

Hata hivyo, kabla hujanunua chochote, chagua eneo dogo lenye ukubwa wa sinia, lioshe, lipige msasa wa maji namba 600 na 1000, ulisugue kwa kompaundi, kisha upake nta. Ikiwa buluu itarudi na kukaa wiki tatu bila kupauka, basi jelikoti yako ingali na unene wa kutosha na unaweza kuahirisha gharama yote kwa mwaka mmoja au miwili. Ikiwa msasa utafichua kivuli cha faiba upesi, ngozi imekwisha, na kwa ubavu mimi ningepiga rangi. Ningekushauri pia uiache buluu: rangi nzito hunyonya joto, na chini ya jua la saa sita joto hilo huichosha faiba yenyewe hadi mistari ya nyuzi hujitokeza juu. Nyeupe au krimu zitakufaa zaidi.

Baharia wa Pangani alijibu:

Kuhusu ubavu sina ubishi na fundi, lakini huko chini nahodha asidanganyike. Matabaka yote ya poliyurethani yakikauka hayafikii hata sehemu ya tano ya milimita, na boti inayokokotwa mchangani na kukwaruzwa na mawe ya matumbawe itaimaliza rangi hiyo kabla papa potwe hawajaondoka. Hapo mkukuni tayari nyuzi ziko nje, maana yake maji yanaingia katika faiba. Kinachotakiwa ni kuikausha vizuri, kulaza faiba mpya, na kuweka juu yake kitu kinene: jelikoti ya matabaka mawili au epoksi. Jelikoti nayo isizidi sana unene wa kiwandani, kwani ikipita kiasi hupasuka yenyewe.

Nasema haya kwa kuungua. Boti yangu ya kwanza niliipiga poliyurethani kuanzia ukingoni hadi mkukuni, ikapendeza kweli, kisha nikaiacha ielee kwenye nanga. Baada ya miezi miwili chini ya mstari wa maji palijaa malengelenge, kwa sababu rangi ya aina ile imetengenezwa kwa mahali panapopigwa na mawimbi na kukauka, si pa kulowa usiku na mchana. Wazee wetu walilijua hili bila makopo: jahazi walilipaka sifa, yaani mafuta ya papa, huku juu, na huku chini wakalikandika shahamu iliyochanganywa na chokaa, na kila bamvua iliporuhusu kulipweleza, yaani kuliacha likauke ufukweni maji yakitoka, walifanya upya.

Jambo jingine ni viraka. Boti ya abiria hugonga gati. Poliyurethani ya makopo mawili ikikwaruzwa, kiraka chake huonekana kwa mbali, wakati rangi ya kopo moja, ile ya baharini na si ya nyumba, unaiparuza asubuhi na kuipaka mchana bila mtu kujua. Haidumu sana, lakini inakubali kurekebishwa na mwenye boti mwenyewe. Kwa boti ya kazi, mimi bado naiona ni chaguo la heshima.

Nahodha wa Kilindoni aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimefanya jaribio la sinia, na msasa umefichua kivuli cha faiba mapema, hivyo kungoja wiki tatu hakuna maana. Kisha nikafuta kile kiraka cha zamani kwa kitambaa chenye asetoni, na mabaki ya rangi ya mafuta yakalainika na kutoka na kitambaa. Nimempigia simu yule fundi wa zamani nikamuuliza dawa aliyotumia. Jina halikumbuki, ila anakumbuka kwamba alichanganya vikombe viwili vya dawa kwa kikombe kimoja cha hadena, dawa ya kugandisha. Je, hilo linabadilisha chochote? Na boti yangu hailali majini, kila jioni hupandishwa. Nahitaji rangi ya kuzuia ukoga na chaza?

Fundi wa Mtongwe alijibu:

Linabadilisha, tena limekata shauri lenyewe. Rezini ya poliesta hutiwa hadena kidogo mno, kama gramu 10 hadi 20 kwa kilo, kutegemea joto. Anayechanganya viwili kwa kimoja anatumia epoksi. Jelikoti ya poliesta ikipakwa juu ya epoksi huenda isikauke sawasawa wala isishike kwa nguvu, lakini praima ya epoksi na poliyurethani hukaa juu yake bila tabu. Kwa hiyo ubavuni ni rangi. Mkukuni, kama utalaza faiba kwa epoksi, malizia kwa epoksi vilevile na ukae mbali na jelikoti. Epoksi haipendi jua, ila huko chini jua si jingi, na ukitaka kuikinga zaidi boti inapokuwa nchi kavu, ifunike.

Rangi ya kuzuia ukoga hutaihitaji kwa boti inayolala mchangani, tena nyingi kati ya hizo hupoteza nguvu zikikaushwa mara kwa mara.

Mabaki yote ya rangi ya mafuta yatoke, hata yale yanayoonekana kushika, kwa sababu tina (kiyeyushio) ya poliyurethani itayavimbisha na kuyainua pamoja na rangi yako mpya. Anza kwa kuosha, kisha ondoa nta na mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka dawa na cha pili kikavu cha kufuta kabla haijakauka, ndipo uguse msasa. Ukitanguliza msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo. Mwaga maji ubavuni: yakitanda kama shuka, pako safi, na yakijikunja kuwa matone, rudia. Zile nyufa za omoni zichimbwe kwa umbo la mfereji na kuzibwa kwa epoksi, lakini kwanza tia nguvu kwa ndani au hamisha mahali pa nanga, maana palipo na unyumbukaji ufa utarudi juu ya chochote utakachopaka.

Poliyurethani, tofauti na rezini, haina mchezo wa kukisia hadena. Mafundi wa faiba tumezoea kupunguza matone kukiwa na jua kali, na mazoea hayo ukiyahamishia kwenye rangi hii utapata ngozi laini isiyokomaa. Fuata kipimo cha kopo, na ukitaka ikauke polepole tumia tina ya nchi za joto. Pakeni watu wawili, mmoja na rola, wa pili akimfuata kwa ncha ya brashi kwa mkono mwepesi. Anzeni umande ukishakauka na mmalize mapema mchana, kwa sababu umande wa jioni ukiikuta ingali mbichi, mng'ao hufa. Kwa kuwa kusi linavuma, zungusha turubai bandani, tandika nyingine juu ya boti kwa ajili ya uchafu wa makuti, na unyunyizie mchanga maji kidogo kabla ya kuanza.

Usikubali rangi hii ipigwe kwa bomba la upepo. Hadena yake ina kemikali iitwayo isosianeti, ambayo ikivutwa kwa ukungu wa bomba huweza kumpa mtu pumu ya maisha, na kitambaa cha puani hakizuii kitu. Hata kwa rola vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, pamoja na glavu.

Baharia wa Pangani alijibu:

Nimekubali hoja ya epoksi. Kwa kiraka hicho hata mimi nisingepaka jelikoti. Nahodha, kabla hujagusa msasa, nakili kwenye karatasi jina la boti na namba ya usajili kwa vipimo vyake halisi, umbali kutoka ukingoni na urefu wa kila herufi. Mimi nilivifuta kwanza nikakumbuka baadaye, na siku ya ukaguzi nilirudishwa nchi kavu kwa herufi zilizokuwa fupi kuliko inavyotakiwa.