Mkwawa baada ya Kalenga kuanguka: alikuwa na nafasi ya kushinda?

Mwanzisha mada: Wakuu, Kalenga, ngome ya Wahehe, ilianguka mikononi mwa Wajerumani 30 Oktoba 1894, lakini Mtwa (mtawala) wao Mkwawa akaendelea na vita vya porini hadi Julai 1898. Kijeshi palikuwa na tumaini lolote? Ushujaa wake hauna mjadala, nataka hoja.

Jibu 1: Mkuu, anzia Lugalo, 17 Agosti 1891. Msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, ulivamiwa na Wahehe ukiwa umejinyoosha njiani, mikuki ikawafikia askari kabla hawajajipanga. Wahehe waliteka mamia ya bunduki, ila zile zilitaka risasi za kiwandani, na baruti ya gobore haikuzisaidia. Akiba ikiisha, imeisha. Kisha Kalenga wakajifungia ndani ya kuta, na von Schele, gavana wa Kijerumani, alikuja na mizinga. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: boma humpa mwenye mizinga shabaha isiyohama. Kuvizia doria kwa vikundi vidogo kulifaa zaidi, lakini waliirudia mbinu hiyo wakiwa wameshapoteza ghala lao la silaha.

Jibu 2: Naongeza chakula, maana hapo ndipo vita viliamuliwa. Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani, aliweka kituo Iringa mwaka 1896, na Wajerumani wakawa wanachoma mashamba, wanateka ng'ombe na kuadhibu vijiji vilivyomlisha Mkwawa. Mpiganaji wa porini hula kutoka ghala la mwanakijiji. Kundi likiwa kubwa, halishibi na nyayo zake zinaonekana. Likiwa dogo, haliwezi kushambulia kituo. Hakuna mbinu ya kivita inayofungua fundo hilo bila msaada wa nje.

Jibu 3: Na msaada wa nje ungetoka wapi? Merere, mtawala wa Wasangu, alikuwa upande wa Wajerumani, na kusini walikuwapo Waingereza. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoanza vita mwaka 1964 walikuwa na Tanzania nyuma yao. Mkwawa hakuwa na mpaka wa kukimbilia akapumzika.

Ila msiseme watu walimwacha. Wajerumani walimtawaza ndugu yake Mpangile mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 wakamnyonga wakimshuku kumsaidia kaka yake. Hata zawadi ya rupia 5,000 ilipotangazwa, hawakumpata akiwa hai: 19 Julai 1898 alijipiga risasi. Watu walikuwa naye. Kilichokosekana ni nafaka, risasi na mahali pa kurudi.