Mafumbo ya chesi: ya saa, ya polepole, au kurudia yaleyale?

Farasi_Mweusi
Wakuu, nina nusu saa kwa siku ya mafumbo (unapewa hali ya ubao, unatafuta hatua bora). Naona watu wanasifia njia tatu: kukimbizana na saa (Puzzle Storm ya tovuti ya Lichess, Puzzle Rush ya tovuti ya Chess.com), fumbo mojamoja bila saa, na kurudia seti ileile mpaka ikae kichwani. Nacheza michezo ya dakika kumi, na kinachonimaliza zaidi ni kuachia kete bure. Ipi inalipa?

KeteMoja
Kwa tatizo lako, ya saa weka kando kwanza. Storm inakupa dakika tatu na kila kosa linakukata sekunde kumi, lakini bado watu wanabahatisha: wanaona cheki (hatua inayomshambulia mfalme), wanabonyeza. Kwenye mchezo wenyewe cheki hiyohiyo mara nyingi inamsaidia mpinzani kupeleka mfalme wake mahali salama.

Mimi ningesema usiguse kete mpaka uwe na jibu kwa kila hatua ya maana ya mpinzani. Angalia cheki zote, kisha kete zinazolika, kisha vitisho. Ukikosa, usikimbilie fumbo linalofuata. Tafuta kwanza ni hatua gani ya upande wa pili ambayo hukuiona.

Ngome_ya_Saba
Hapo kwenye saa sikubaliani nawe, mkuu. Saa haifundishi kufikiri, sawa, ila inakuonyesha kipi umeshakijua na kipi bado unakitafuta kwa kupapasa. Mfano (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari): mfalme mweusi h8, ngome yake e8, askari g7 na h7, wewe una malkia c4 na farasi g5. Farasi anaruka f7, cheki. Mfalme anakwenda g8. Farasi h6, cheki mbili kwa mpigo. Mfalme akirudi h8, malkia anajitoa mhanga g8, ngome haina budi kumla, farasi anarudi f7 na mchezo umekwisha. (Mfalme akikimbilia f8 badala yake, malkia anammaliza f7.)

Mtu anayelihesabu hili upya kila linapotokea ataishiwa dakika zake kumi. Aliyeliona mara nyingi analitambua kwa kutupa jicho tu.

Mtazamaji_Tu
Ndiyo maana mimi niko upande wa kurudia. Njia hii ilipata umaarufu kupitia Hans Tikkanen wa Sweden, aliyeitumia kabla ya kutimiza masharti ya ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, mwaka 2010. Unatatua seti nzima, kisha unairudia kwa muda mfupi zaidi, na tena, na tena. Ila tusidanganyane, Tikkanen alikuwa mchezaji mkali tayari. Ukichukua seti ngumu kama zake utakariri sura za ubao bila kujua sababu. Chagua mafumbo ambayo mengi yake unaweza kuyatatua, na kila unaporudia ujieleze kwa nini hatua ya pili kwa uzuri haifanyi kazi. Ukishindwa kueleza, hesabu kwamba umelikosa hata kama jibu lako ni sahihi.

Farasi_Mweusi
Nawaelewa. Lakini mbona pointi zangu za mafumbo zinapanda na za michezo zimeganda palepale?

KeteMoja
Kwa sababu fumbo limeshakuambia kwamba kuna kitu, na kwamba zamu ni yako. Kwenye mchezo hakuna anayekugusa bega. Chukua mtego wa Légal (hatua ya mweupe kwanza, kisha ya mweusi, kwa zamu): e4 e5, farasi f3, d6, askofu c4, askofu g4, farasi c3, g6. Sasa mweupe anakula e5 kwa farasi na kumwacha malkia wake wazi. Kila mtu hufundishwa upande wa mweupe: mweusi akimla malkia, askofu anakula f7 kwa cheki, mfalme e7, farasi d5, chekimeti (mfalme kashambuliwa na hana pa kukimbilia).

Wewe kaa upande wa mweusi. Ukila farasi kwa askari wa d6, mweupe atakula askofu wako wa g4 kwa malkia, na hasara yako ni askari mmoja tu, mchezo unaendelea. Anayeachia kete bure anahitaji zoezi la namna hii kuliko chekimeti za kupendeza. Lichess ina mada ya hatua za kujilinda na nyingine ya kutafuta usawa. Watu wanazikwepa kwa sababu hazina raha.

Bibi_Malkia
Jamani, mbona hakuna aliyetaja Puzzle Streak ya Lichess? Haina saa, mafumbo yanazidi kuwa magumu, kosa moja tu umetoka, na unaruhusiwa kuruka hatua moja tu. Mwenye tabia ya kubahatisha atanyooka mwenyewe.

Ngome_ya_Saba
Kwa hiyo ndugu, dakika ishirini za polepole, tano za saa mwishoni, zinazobaki pitia ulizokosa. Na usichague mada kila siku. Ukijua mapema kwamba leo ni siku ya kubana kete (kuizuia isiondoke kwa sababu ya kete ya thamani zaidi iliyo nyuma yake), nusu ya kazi umeshafanyiwa. Tumia mchanganyiko. Lichess pia inakuwezesha kutafuta mafumbo yaliyotoka kwenye michezo ya mtumiaji fulani. Andika jina lako uone.

Farasi_Mweusi
Nimeandika. Yamekuja machache, na karibu yote aliyetakiwa kuona hatua ni mpinzani wangu. Naanza na hayo.