Risasi za .22: zipi zinachafua kidogo, na bunduki isafishwe mara ngapi?

MlengaShabaha
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri. Bunduki ni .22 LR (Long Rifle, risasi ndogo ya .22 iliyo ya kawaida) nusu otomatiki, magazini ya risasi 10. Ikishafyatua 150 hivi, maganda yanaanza kukwama chemba (tundu la nyuma ya mtutu, risasi inapokaa) au bolti (chuma kinachofunga chemba) hairudi nyuma yote. Risasi ni za bei nafuu, kichwa cha madini ya risasi matupu kilichopakwa nta. Nikihamia zenye kichwa cha rangi ya shaba, uchafu utapungua? Na mtutu usuguliwe kila nikitoka kulenga shabaha? Wapo wanaosema kusugua sana kunauharibu.

FundiMtutu
Mkuu, kabla ya yote: toa magazini, vuta bolti, angalia chemba kwa jicho kisha ipapase kwa kidole kidogo. Ndipo tuzungumze usafi.

Uchafu wa .22 una asili tatu. Ya kwanza ni nta. Kichwa cha .22 LR kina unene sawa na ganda, kisigino chake tu ndicho kimepunguzwa kikaingia ndani. Kwa hiyo kilainishi kinakaa nje, kinaokota vumbi na kubaki chemba. Ya pili ni masizi na punje za baruti zisizoungua. Kikomo cha shinikizo cha SAAMI (taasisi ya Marekani ya viwango vya risasi) kwa .22 LR ni psi 24,000 (pauni kwa inchi ya mraba), wakati .223 Remington ni 55,000. Shinikizo likiwa dogo, ganda halibani vizuri kuta za chemba, gesi inapenya pembeni na kurudi nyuma. Ya tatu ni kiwashio kilichojazwa kwenye ukingo wa ganda. Aina nyingi zina unga wa kioo wa kuongeza msuguano, na mabaki yake ni makavu na yanakwaruza.

Kwenye nusu otomatiki ya .22, bolti haijifungi kwa kabari. Inashikiliwa na uzito wake na springi tu. Inaanza kurudi huku gesi ikiwa bado ipo, ndiyo maana inachafuka mapema kuliko ya kuvuta bolti kwa mkono.

Sasa shaba. Lile ni tabaka jembamba mno. Linapunguza nta na madini ya risasi kwenye vidole, magazini na ngazi ya kupandishia risasi, lakini masizi yako palepale. Linganisha aina mbili za kampuni ya CCI, Mini-Mag na Standard Velocity: zote kichwa ni grain 40 (kipimo cha uzito, kama gramu 2.6), ya kwanza imepakwa shaba na inatoka futi 1,235 kwa sekunde, ya pili ni madini ya risasi matupu yenye nta, futi 1,070. Bolti yako itaipenda zaidi ya kwanza, kwa sababu ina nguvu ya kuisukuma hata chemba ikiwa imechafuka. Usafi ni sababu ya pili.

Kaboni22
Naongezea jambo linalosahaulika: pete ya kaboni. Inajijenga mbele kidogo ya mdomo wa ganda, pale chemba inapokutana na mifereji ya mtutu. Dalili zake ni risasi kuingia kwa uzito na shabaha kutawanyika bila sababu. Anayefyatua .22 Short (risasi fupi ya .22) kwenye chemba ya LR ataiona haraka, maana ganda la Short ni mm 10.7 na la LR ni 15.6, pete inaota katikati, halafu LR inagoma kuingia.

Kuitoa: dawa ya kuyeyusha kaboni matone 3 au 4, subiri dakika 15, kisha brashi ya bronzi kwa fimbo fupi, zungusha mara 10 hivi. Dawa za amonia ni za kutoa shaba. Kwa madini ya risasi hazisaidii.

MlengaShabaha
Ahsanteni. Na mtutu wenyewe? Nyuma ya bunduki hii pamezibwa, fimbo haipiti.

FundiMtutu
Tumia kamba ya kuvutia: iingize chemba, itokee mdomoni. Brashi ya bronzi haili chuma. Kinachoharibu ni fimbo inayoingizwa mdomoni na kusugua ukingo wa mtutu. Ukingo ukilika upande mmoja, shabaha haitarudi. Vitambaa 2 au 3 vinatosha, na si kila siku. Ukishasafisha, fyatua kama 10 kabla ya kupima shabaha, kwa sababu nta inahitaji kujipaka upya ndani.

Chemba na uso wa bolti ndivyo vya kusafisha kila mara. Chini ya kucha ya kuvuta ganda ingiza kijiti, toa ule uchafu uliogandamana, kwani kwako naona shida inaanzia hapo. Kisha kausha chemba kabisa: mafuta yakibaki, ganda linateleza na kuipiga bolti kwa nguvu zaidi. Tone moja kwenye njia za bolti linatosha. Njia ya pini ya kupigia na magazini viache vikavu.

Na kama bolti haijafunga hadi mwisho, usiisukume kwa nguvu. Itoe risasi hiyo, maana ikilipuka hapo ganda linapasuka nyuma.

Mzani
Kulinganisha aina mbili: anza na bunduki safi, fyatua 50 za kwanza, hesabu zilizokwama, pitisha kitambaa cheupe chemba. Safisha, rudia kwa za pili. Ukisikia mlio hafifu, simama na uchungulie mtutu kutokea chemba, kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani. Vitambaa vilivyotumika vina madini ya risasi. Vifunge kwenye mfuko, nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula.