Majirani: Barabara Zetu

Mama Pacha, 18:02
Habari za jioni majirani. Halmashauri wamejibu: barabara zetu hazimo kwenye orodha ya barabara zinazotunzwa kwa fedha za umma. Shimo likitokea ni letu. Kwanza tujue kama mwendelezaji, yaani kampuni iliyojenga mtaa wetu, alisaini mkataba wa kifungu cha 38, Sheria ya Barabara Kuu ya 1980 ya hapa Uingereza: yeye ajenge barabara kwa kiwango, kisha halmashauri izipokee na kuzitunza. Mkataba huo huwa na dhamana. Mwendelezaji akishindwa, halmashauri huidai ile pesa na kumalizia kazi.

Mama Pacha, 18:40
Mmesoma? Tiki za bluu naziona.

Baba Neema, 19:21
Tumesoma mama. Kila mtu afungue faili alilopewa na wakili aliponunua nyumba, mkataba hutajwa humo. Lakini kikwazo ni mabomba.

Fundi, 19:24
Kweli kabisa. Halmashauri kwa kawaida haipokei barabara kabla kampuni ya maji haijakubali mabomba ya maji taka yaliyo chini yake. Huo ni mkataba mwingine, kifungu cha 104, Sheria ya Sekta ya Maji ya 1991. Bomba bovu likiachwa chini, lami mpya itakuja kuchimbuliwa. Kamera ipitishwe chemba hadi chemba. Huko hukutwa zege lililomwagika wakati wa ujenzi, viungo vilivyoachana, bomba lililobonyea maji yakatuama.

Namba 12, 19:26
Wakipitisha kamera waniangalizie mpira wa mwanangu 😂

Mama Salma, 19:27
Na kandambili yangu moja!!

Namba 12, 19:27
Ya kushoto au ya kulia 😂😂

Mama Pacha, 19:30
Jamani, tafadhali. Fundi, na lami je?

Fundi, 19:52
Tabaka la juu halijawekwa. Ndiyo maana mifuniko ya chemba imechomoza na maji ya mvua yanakwama pembeni: vyuma vyote vilipangwa kwa kimo cha lami ya mwisho. Wasikubaliwe kuweka tabaka hilo kabla ya mabomba kukaguliwa na kurekebishwa. Tudai pia vyeti vya vipimo vya taa, na michoro ya barabara kama ilivyojengwa, si kama ilivyokusudiwa. Halafu kipindi cha matunzo cha mwendelezaji, kwa kawaida miezi 12, na ukaguzi wa mwisho, ndipo halmashauri ipokee.

Namba 9, 20:15
Na ule ua wa pale mlangoni? Unamziba dereva anayetoka. Nilisema zamani nikaambiwa nina chuki.

Baba Neema, 20:16
Dada, usianze.

Namba 9, 20:16
Sianzi, namalizia. Kwenye pembe ya kuonea magari, kitu kwa kawaida kisizidi kimo cha sentimita 60. Ule unanifika kifuani.

Mama Pacha, 20:31
Napendekeza tuiandikie halmashauri barua, itengeneze yenyewe, sisi tulipe kidogo kidogo. Nani anapinga?

Mama Pacha, 21:10
Kimya ni kukubali?

Babu wa Kona, 21:47
Wanangu, barua hiyo msiiandike. Halmashauri ikitengeneza kwa kifungu cha 205 cha sheria ile ile ya barabara, gharama inawarudia wenye nyumba, na msingi wa hesabu ni urefu wa ukingo wako unaopakana na barabara. Kama mkataba upo, dhamana yake ni ya kazi hiyo hiyo. Adaiwe aliyejenga. Asitoe mtu hata senti kabla hatujaona mkataba.

Baba Neema, 21:48
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Mama Pacha, 21:55
Shikamoo Babu. Basi barua naiacha. Mimi nitaomba nakala ya mkataba na kiasi cha dhamana kilichobaki, maana hupunguzwa kazi inavyoendelea. Fundi, Jumamosi saa nne tupige picha kasoro zote, kila picha na namba ya nyumba iliyo karibu. Namba 9 aongee na namba 2 kuhusu ua.

Namba 9, 21:56
Mimi? Hapana.

Fundi, 22:20
Jumamosi niko kazini. Tungoje siku ya mvua, ndipo maji yatatuonyesha wenyewe yanapotuama.

Mama Pacha, 22:21
Mvua ya lini sasa Fundi?

Namba 12, 07:10
Samahani, nililala. Tunachanga ngapi?

Mama Pacha, 07:11
Soma juu.

Namba 2, 08:34
Ua gani?