Burrito ya Mission: wali uwemo au usiwemo? Na taji la San Francisco ni la nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hasa ninyi mlioko Oakland, San Francisco na San Jose, maana najua wengi wenu chakula hiki mnakila karibu kila wiki.

Jumapili iliyopita tulikuwa watu saba mezani, wengi wetu wa Tanga na Mombasa, tukabishana hadi chai ikapoa. Swali lilikuwa moja: katika taqueria (migahawa midogo ya Kimexico) zote za mtaa wa Mission pale San Francisco, ipi inatengeneza burrito bora? Kila mtu alikuwa na yake. Ubishi ulipokolea nikagundua kwamba kinachotugombanisha hasa ni wali. Wapo wanaosema wali ndani ya burrito ni wa kujazia tumbo tu, na wapo wanaosema bila wali hiyo si burrito ya Mission. Mimi ni wa kundi la pili. Naleta hoja zangu mzichambue.

Kwa ambao hawajafika huku: tortilla ni mfano wa chapati kubwa, nyembamba, ya unga wa ngano. Inapashwa kwa mvuke hadi inalegea, inatandikwa wali, maharage, nyama, kachumbari na parachichi, inakunjwa ncha zake mbili, inaviringishwa kwa kukazwa, kisha inafungwa kwa foili. Hiyo ndiyo burrito. Ukiipokea unausikia uzito wake mkononi.

Mgahawa wa El Faro, kona ya Folsom na mtaa wa 20, wanasema burrito yao ya kwanza waliiuza tarehe 26 Septemba 1961 kwa wazima moto wa kituo cha jirani. Mwenye duka, Febronio Ontiveros, hakuwa na tortilla kubwa siku hiyo, akaunganisha ndogo. La Cumbre wa mtaa wa Valencia, walioanza kama bucha, nao wana tarehe yao: 29 Septemba 1969. Sitaki kuwaamulia nani mkubwa. Ninachokitazama katika habari hizi ni mlaji mwenyewe: mtu wa zamu, mwenye njaa, anayetaka mlo kamili autie mkononi aondoke nao. Chakula kilizaliwa kwa ajili ya huyo.

Sasa tuje kwa La Taqueria. Miguel Jara aliifungua mwaka 1973 na burrito zake hazina wali. Mwaka 2014 tovuti ya takwimu ya FiveThirtyEight ya Nate Silver ilichuja migahawa zaidi ya 67,000 ya Marekani nzima ikabaki na 64. Mwandishi wao Anna Maria Barry-Jester akaizunguka yote akila, na mwisho taji akalipeleka La Taqueria. Mwaka 2017 James Beard Foundation, taasisi ya tuzo za upishi Marekani, nayo ikawapa tuzo ya America's Classics. Tangu hapo ukitaja burrito ya San Francisco mbele ya mgeni, jina analolijua ni hilo.

Carnitas zao, yaani nyama iliyopikwa polepole kwenye mafuta, sina neno nazo. Nyama laini, imekolea, kingo zake zimekauka vizuri. Ugomvi wangu ni na taji lenyewe.

Nawaomba mtakapokula burrito safari ijayo muangalie kitako chake. Nyama ikishakatwa inatoa maji, kachumbari inatoa maji, salsa (mchuzi wa nyanya na pilipili) ni maji tayari, na yote yanashuka chini. Penye wali, wali unayanywa. Ukifika robo ya mwisho unakuta punje zimekuwa nyekundu, zimekolea mafuta ya nyama, ndimu na kotimiri, na kwangu hapo ndipo penye utamu wote. Pasipo wali, maji hayo yanasubiri ndani ya foili. Anayesema wali ni wa kujazia hajawahi kufika chini akiwa ametulia.

Chaguo langu ni El Farolito, kona ya Mission na mtaa wa 24, burrito ya nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Nenda usiku wa manane. Utakuta foleni ya wapishi waliotoka kazini, madereva, vijana waliotoka kucheza muziki, na nyuma ya kaunta visu viwili vikigonga ubao bila kupumzika. (Wana na timu ya mpira yenye jina lao. Mwaka 2024 timu hiyo ya ridhaa iliitoa Portland Timbers 2, wachezaji wa kulipwa, kwenye U.S. Open Cup. Niliposikia nilifurahi kama imeshinda Coastal Union.)

Karibuni.

Mpishi wa Fruitvale

Mkuu, heshima yako. Nimekaa jikoni miaka minane, si katika mgahawa wowote uliotajwa hapa, na nimekunja burrito hadi kiganja kinauma. Nakupinga kwa heshima.

Maji unayoyasifia ni kosa la mpishi. Nyama ikitoka kwenye moto inatakiwa ipumzike, ikatwe, kisha ichotwe kwa kijiko chenye matundu. Kachumbari inachujwa. Maharage yaliyopikwa yakaiva vizuri yana uzito wake, yanashika kila kitu bila msaada wa wali. Ukiona mahali ambapo bila wali burrito inachuruzika, ujue mtu ameruka hatua. Wali hapo ni kitambaa cha kupangusia.

Pia tuseme ukweli kuhusu bei. Katika vyote vinavyoingia humo ndani, hakuna cha bei rahisi kama wali. Burrito siku hizi imepita dola 10, na mimi mwenyewe nimewahi kuambiwa na bosi niongeze kijiko cha wali nipunguze cha nyama. Mteja haoni, maana imefungwa. Anayeuza bila wali hana mahali pa kujificha. Nyama isipotosha utaiona mara ya kwanza unapouma.

Na kama unataka ushahidi wa ufundi, agiza ile wanayoiita dorado. Burrito ikishakunjwa inarudishwa kwenye bamba la moto, inageuzwageuzwa kama chapati kwenye tawa hadi ngozi yake inakuwa ya dhahabu na inalia ukiuma. Kwa hiyo moja tu, La Taqueria wamelistahili taji lao.

Mama wa Likoni

Ndugu zangu, nyote mwasema nyama, nyama. Kuna swali ambalo sisi wengine tunaanza nalo kabla ya ladha, na hamjaligusa.

Carnitas ni nguruwe. Al pastor kwa kawaida ni nguruwe, ingawa asili ya upishi ule ni shawarma iliyopelekwa Mexico na wahamiaji wa Lebanon, ile ya kuzungusha nyama kwenye mti mbele ya moto. Sehemu nyingi maharage ya kuponda hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na tortilla ya ngano kwa asili yake hutiwa mafuta hayohayo, japo wengi sasa hutumia ya mimea. Hata wali wenyewe waweza kuwa umepikwa kwa supu ya kuku, na kuku huyo hujui kachinjwa vipi. Kwa hiyo mimi nikisimama pale kaunta, mgahawa bora kwangu ni ule ambao keshia nikimuuliza maharage yamepikwa kwa mafuta gani, hanijibu kwa kukisia. Aende akaulize jikoni, arudi na jibu.

Nikipata jibu la kuridhisha nakula ya maharage, parachichi, kachumbari na pilipili. Na hapo, mpishi wangu, wali si wizi. Sisi tuliokulia kwenye wali na maharage twajua kwamba ndio mlo wenyewe. Toa wali kwenye burrito yangu isiyo na nyama, nitabaki na bakuli la maharage lililofungwa kitambaa.

Wa Oakland

Kwa nini tuvuke maji kwenda San Francisco? Malori ya taco ya International Boulevard yako hapa hapa. Unaegesha, unakula umesimama, foleni fupi.

Mkimbizi wa baridi, zamani El Paso

Shikamooni wakubwa. Niliishi El Paso miaka mitatu, ng'ambo ya mto kutoka Ciudad Juárez, na naona wote mnabishana juu ya mjukuu bila kumtaja babu.

Burrito ni chakula cha kaskazini mwa Mexico, sehemu ambazo ngano inakubali kuliko mahindi. Neno lenyewe lina maana ya punda mdogo. Lipo kwenye kamusi ya maneno ya Kimexico ya Feliz Ramos i Duarte ya mwaka 1895, likielezwa kuwa tortilla iliyoviringishwa yenye nyama au kitu kingine ndani. Ile ya Juárez hata leo ni nyembamba, unaishika kwa vidole vitatu, ndani mna kitu kimoja au viwili: nyama na viazi, au maharage na jibini, basi. Hakuna wali, hakuna foili ya kung'aa. Unakula mbili au tatu.

Kwa hiyo Jara alipoacha wali hakupunguza kitu, alisogea karibu na kwao. Walioongeza ni hao wengine. Halafu Steve Ells, aliyekuwa mpishi San Francisco, akaichukua hiyo yenye wali akaenda Denver mwaka 1993 akafungua Chipotle, na sasa dunia nzima inadhani burrito lazima iwe na ukubwa wa mtoto mchanga.

Mleta mada

Nimesoma yote, na kabla ya kujibu nilifanya jambo moja. Jumamosi nilinunua burrito mbili mahali pamoja, nyama ileile, moja na wali na moja bila wali. Nikazipeleka nyumbani, nikaziacha dakika ishirini ndani ya foili kama mtu anayesafiri nazo kwa treni ya BART, kisha nikazikata katikati kwenye ubao.

Mpishi wa Fruitvale, kwenye nyama umenishinda. Ile isiyo na wali ilikuwa na nyama nyingi zaidi, inaonekana kwa macho, na bei ilikuwa ileile. Sikuwahi kulifikiria hilo la kujificha, na tangu Jumamosi linanisumbua, kwa sababu mlaji ninayemtetea, yule mtu wa zamu, ndiye anayeibiwa kijiko hicho. Lakini chini ya ile isiyo na wali palikuwa na maji ya kujaza kijiko cha chai, na tortilla ilikuwa imeanza kuchanika. Unasema ni kosa la mpishi. Sawa. Ila mpishi wa saa saba usiku mwenye watu arobaini mbele yake atalifanya kosa hilo, na chakula cha mtaani kinatakiwa kistahimili mpishi aliyechoka. Wali unamvumilia.

Kasoro nyingine niiseme mwenyewe: katikati ya ile yenye wali palikuwa na kibonge kikavu, cheupe, hakijaguswa na kitu. Mtu aliyeutandaza hakuutandaza, aliumwaga. Wali wa namna hiyo hata mimi siutetei.

Ndugu wa El Paso, shukrani kwa somo, marahaba. Babu nimemkubali. Lakini angalia chapati. Imetoka India, na huko nyingi ni kavu, nyembamba, haina mafuta. Ilipofika kwetu tukaitia mafuta, tukaikunja konokono, tukaisukuma tena hadi ikawa na matabaka. Ukija Tanga ukaniambia chapati yetu imeharibika kwa sababu haifanani na ya huko ilikotoka, tutakosana. Tunaipima kwa kipimo chetu: inachambuka? imeiva hadi ndani? Burrito ya Mission nayo ina miaka zaidi ya 60 pale, ina mikono yake na wateja wake. Ipimwe kwa kipimo cha Mission. La Taqueria wanapika burrito ya babu iliyonenepa, tena vizuri sana. Taji la kaskazini ya Mexico ndani ya San Francisco nawapa leo hii, na sitawanyang'anya. La Mission ndilo ninalolikatalia.

Wa Oakland, foleni fupi nimeisikia, tutakuja.

Mama wa Likoni, wewe ndiye uliyenirudisha nyuma kabisa. Miaka sita nakula pale na wenzangu Waislamu wanakaa na soda tu, nami nilidhani hawana njaa. Jumamosi nilimuuliza keshia kama ulivyoelekeza. Hakukisia. Aliita jikoni, mpishi akatoka na dumu la mafuta akanionyesha: ya mimea, kwa maharage na kwa tortilla. Kwenye wali akasema kweli, umechemshwa na supu ya kuku.

Mama wa Likoni

Basi hapo pako sawa kwa maharage, na wali wako umetoka. Waulize kama wako tayari kupika sufuria moja ya wali kwa maji matupu na nyanya. Wakikubali, nijulishe siku, tuje sote.

Mpishi wa Fruitvale

Wali wa maji matupu, kitunguu kikaangwe kwanza, mchele ukaangwe nao hadi ubadilike rangi ndipo utie nyanya. Hauwi kibonge. Mleta mada, waambie hivyo hivyo, na siku hiyo mimi nitakula yenye wali.

Mleta mada

Nimeuliza. Wanasema Jumanne, wateja wakiwa wachache, wakijua siku mbili kabla. Nani anakuja?