Menyu ya simu ijipange yenyewe, au ibaki pale tulipoizoea?

Mwanzisha mada, Area C
Wakuu, habari za jioni. Programu ninayolipia bili imesasishwa, sasa kile ninachobonyeza sana inakipandisha juu. LUKU ya umeme imekuwa ya kwanza, ada ya shule imezama huko chini. Eti mashine inamjua mtu wake! Mimi napinga. Kidole kikishazoea njia, usimhamishie mtu mlango.

Wenzetu walishapita huku. Office 2000 ya Microsoft ilikuwa na menyu zinazoficha usivyotumia mara kwa mara. Unatafuta kitu unachokijua, hukioni. Mwaka 2004 Leah Findlater na Joanna McGrenere, watafiti wa Kanada, walilinganisha menyu tatu: isiyobadilika, inayojibadilisha, na ya kujipangia mwenyewe. Kwa inayojibadilisha watu walifanya kazi polepole kuliko kwa ile isiyobadilika, na wengi walipenda ya kujipangia. Basi mashine ipendekeze, mwenye simu apange. Naomba kuwasilisha.

Mwanachuo, UDOM
Mkuu, umewasahau wenye uhitaji. Krzysztof Gajos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza SUPPLE, mfumo unaopima jinsi mtu anavyoweza kutumia mausi ya kompyuta, kisha unamchorea skrini inayomfaa. Wenye ulemavu wa viungo walifanya kazi haraka zaidi na makosa yakapungua. Babu anayetetemeka mikono umwambie aingie kwenye mipangilio ajipangie? Huko kwenye mipangilio atafikaje?

Wakala, Majengo
Nyie mnaongelea simu janja. Wateja wangu wengi wana kitochi. Kuna mama muuza mboga, kusoma hajui. Anapiga nyota, namba, reli, halafu moja, moja, namba ya mtu, kiasi, huku anaongea na mteja wake. Siku mtandao fulani ulipohamisha kipengele kimoja tu, hela ya mzigo ikageuka vocha. Alikuja hapa analia, na vocha hairudishiki kirahisi. Hiyo ilihama mara moja. Ikihama kila wiki je?

Halafu simu yenyewe ni ya nyumba nzima. Baba, mama, kijana wa sekondari. Itamzoea nani?

Mdau, Mtumba
Ili ikujue lazima ikurekodi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Waulizeni kwanza wanachorekodi na wanakitunza wapi.

Mwanzisha mada
Mwanachuo, hoja ya babu ina uzito. Ila angalia hiyo SUPPLE inavyokwenda: mtu anapimwa kwanza, anajua anapimwa, ndipo skrini inachorwa. Haimvizii. Hata kibodi za simu zinatabiri maneno kwa juu, lakini herufi zinabaki pale pale. Ingekuwa A leo iko kulia kesho kushoto, nani angeandika? Ninachokataa ni kuhamishiwa vitu kimyakimya. Ikitaka kuhamisha, iniulize.

Mwanachuo, UDOM
Ikuulize kwa maandishi? Yule mama wa mboga hasomi, na sisi tunaosoma tunabonyeza "Nakubali" ili tu kidirisha kitoke.

Wakala, Majengo
Hapo sasa! Na akishabonyeza, lawama atazileta kwangu.